Sonda inazimika ama inazimwa?

Msomaji wa Bukavu, yuko anamaliza memwari ya kemia, ananiuliza: "Mwalimu, nataka kueleza kwa Kiswahili namna tunapima fluoresensi ya sonda za ADN zenye tumebandika kwenye chembe ndogo sana za dhahabu. Sonda inang'aa ama inawaka? Na ikikaribia dhahabu inazimika ama inazimwa?"

Aksanti ndugu. Kung'aa uachie sufuria yenye mama amesugua na majivu, ile inarudisha tu mwanga wa jua wenye imepokea. Sonda, kale kapande kafupi ka ADN kenye kamebandikwa rangi, haifanye vile, rangi yenye iko kwenye ncha yake, tuseme fluoreseini, inameza mwanga wa bluu wa karibu nanometa 490 halafu inatoa wa kijani wa karibu 520, sasa huo ni mwanga mwingine kabisa, kwa hiyo sema inawaka. Shida ni kwamba kimulimuli naye anawaka, na hakuna mtu anamumulika, ndiyo maana mara ya kwanza ningeandika "kuwaka kwa kumulikwa", kisha kurasa zote zenye zinafuata "kuwaka" inatosha. Ukipenda fluoresensi andika tu, mwanafizikia Stokes mwenyewe mwaka 1852 alitoa hilo jina kwenye jina la jiwe, fluorspar.

Sasa kuzima. Najua mtaani tunasema "taa imezima", mimi pia nasema, lakini kwenye memwari zima inataka mwenye kuzima na chenye kinazimwa. Hapa mwenye kuzima yuko: dhahabu inaipokonya rangi nguvu yake mbele haijatoka kama mwanga. Kwa hiyo sonda inazimwa NA dhahabu, si "kwa dhahabu". Zimika uweke pale mwanga umepotea na haujajua nani kafanya.

Na usichanganye na kupauka. Ukimulika rangi sana inapauka kama kitenge chenye kimeshinda kwenye kamba, hairudi tena. Yenye imezimwa inarudi: unatia dawa ya merkaptoethanoli, inachukua nafasi ya ADN kwenye dhahabu, sonda zinabanduka, zinawaka tena, unapima, unalinganisha na mchanganyiko wenye unajua kipimo chake, basi unapata kila chembe ilibeba sonda ngapi. Ukiandika pale "zilipauka" mwalimu wako atauliza sasa ulihesabu nini.

Ah, na pale umeniandikia "kutoa sonda zenye zilikuwa zimebandikwa", mbona njia ndefu hivyo? Kubandua.