Maji Yalipita Ndani ya Waya

Ijumaa baada ya Alasiri nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Malindi: "Shikamoo ami. Moduli yangu imeingia maji tena na oringi zote ni mpya. Risiva imekufa. Nimekosea wapi?" Nilikuwa gatini, mikono imejaa grisi ya mashine ya boti. Niliusoma mara mbili na moyo ukanipiga, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita na hapakuwa na wa kunijibu. Namjibu hapa ili na nyinyi wengine mnaohangaika na nyambizi zenu ndogo za rimoti mfaidike.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Lamu. Nyambizi yangu ni mfano mdogo wa Type VII, nyambizi ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, kipimo cha 1:72, urefu wake sentimita 93. Bodi yake hujaa maji, na ndivyo inavyotakiwa. Vitu vinavyoogopa maji, yaani risiva inayopokea mawimbi ya rimoti, betri, sevo (mota ndogo ya kugeuza usukani) na kontrola ya mota, hukaa ndani ya bomba moja la akriliki lenye kifuniko kila upande, kinachozibwa kwa oringi, pete ya mpira. Shafti, fimbo za usukani na nyaya hupita kwenye vifuniko hivyo. Bomba hilo ndilo moduli.

La kwanza niliagiza ng'ambo likiwa limeshaundwa, kwa akiba ya msimu mzima wa wageni. Likafika Mombasa, likapanda basi hadi Mokowe, likavushwa kwa boti mpaka mkononi mwangu. Muuzaji aliniandikia kwamba halipitishi maji kabisa. Nikamwamini, na hadi leo linaniuma.

Tulikwenda kuijaribu nyambizi kule Shela, kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea. Watu huniuliza kwa nini nahangaikia bwawa na bahari iko mlangoni. Shida ni redio. Maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio. Hata masafa ya 40 MHz hufifia vibaya ndani ya sentimita chache tu. Kwenye maji matamu 40 MHz huteremka mita kadhaa. Rimoti za siku hizi za 2.4 GHz hupoteza chombo mara antena inapozama. Kwa hivyo nina rimoti kongwe ya 40 MHz, na natafuta maji matamu.

Siku ile mpwa wangu alikuwepo na wenzake. Nyambizi ilizama vizuri, ikazunguka bwawa mara mbili karibu na sakafu. Mara ya tatu rafadha ikasimama. Niliruka majini na nguo zangu kuifuata. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, itaamka?" Sikuwa na jibu.

Ndani ya bomba mlikuwa na vijiko viwili vya maji, si zaidi, lakini risiva ilikuwa chapachapa. Nilipomwandikia muuzaji, alisema nimefunga vibaya, oringi imeshika mchanga. Nikabadilisha oringi, nikapaka grisi ya silikoni, nikarudi majini. Nikabadilisha tena. Mara nne, na risiva mbili zikafa. Hakujibu tena.

Mara ya nne nilizungushia tishu kavu nyuma ya kila kifuniko kabla ya kufunga. Nilipofungua, tishu zilikuwa kavu kama nilivyoziweka. Risiva ilikuwa imelowa, tena kwenye shina la waya wa antena tu.

Nikamkumbuka marehemu babu, aliyekuwa fundi wa majahazi Matondoni. Chombo kikivuja, hakukimbilia kutia kalafati pale penye unyevu. Alikuwa akisema maji huonekana mbali na yalipoingilia, na akaufuata ubao kwa kidole hadi apate mshono wenyewe. Nikachukua wembe nikaupasua waya wa antena kidogo kidogo. Ndani ya ganda la plastiki nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, alama kwamba maji yamefika. Nikapasua tena, bado kijani, mpaka nikafika kwenye risiva. Ncha ya antena nilikuwa nimeikata mwenyewe na kuiacha wazi ndani ya bodi iliyojaa maji. Maji yalipanda katikati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakapita chini ya gundi ya kifuniko, kwa sababu gundi ilishika ganda la nje peke yake.

Dawa yake ni hii. Waya unapopita kwenye kifuniko, menya ganda sentimita moja, jaza lehemu mpaka nyuzi zote ziwe kitu kimoja, kisha mimina gundi ya epoksi ili ishike chuma kitupu. Ncha ya antena nayo izibe. Usitumie silikoni inayonuka siki, kwani asidi yake hula shaba.

Na joto, wanangu. Nilikuwa nafunga bomba adhuhuri, karakana ikiwaka. Hewa iliyofungwa kwenye nyuzi joto 50 ikipoa hadi 27 hupungua nguvu kwa asilimia 7 hivi, sawa na kuongezewa sentimita 70 za kina, na hapo moduli huanza kuvuta maji. Acheni tundu dogo la parafujo wazi juu ya maji, moduli ikae majini ipoe, ndipo mfunge hilo mwisho.

Vijana wa siku hizi mnataka kununua neno "halipitishi maji" kwenye kasha. Msilinunue. Kwa kina cha mita moja na nusu, kifuniko cha kipenyo cha sentimita 6 kinabeba zaidi ya kilo nne za maji, na maji hayachoki kutafuta. Kila kiungo kipimeni kwa mkono wenu. Pulizeni hewa kidogo ndani ya bomba kwa sirinji, litieni kwenye ndoo, mtazame mapovu kwa dakika kumi bila kuinua macho. Mkiona povu moja, hamjamaliza.

Jumatano iliyopita nyambizi yangu ilizama na kuibuka kwa dakika 40 kwenye bwawa lile lile. Nikafungua mbele ya mpwa wangu, akatoa tishu mwenyewe akaisugua shavuni. Kavu. Moduli hiyo nimeiunda kwa mikono yangu, kifuniko hadi kifuniko.

Sasa wewe wa Malindi: oringi ziache, huenda ni nzima. Chomoa betri kwanza, na ikiwa imevimba usiichaji tena. Tafuta kila waya unaotoka nje ya bomba, anza na wa antena, upasue kwa wembe kuanzia ncha. Kisha nitumie picha ya rangi ya shaba, na mahali rangi ilipokoma.