Vilimani hospitali, mabondeni wagonjwa: maswali yenu ya afya mjini

Barua za mwezi huu zimetoka Kampala, kwenye mitaa ya Bwaise, Katanga, Makindye na Ntinda na soko la Owino, na nyingine imetoka Mbale, mashariki mwa Uganda. Nimezifupisha na kuondoa majina. Wengi mmeuliza habari za dawa na madaktari, ila ukizisoma kwa pamoja utaona shida nyingi zinaanzia chooni, kwenye mtaro au kwenye foleni. Tuanze na choo.

"Tumepanga vyumba vinane kwenye ua mmoja, choo kimoja, nacho kimejaa. Mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba anatuma kijana azibue tundu la nyuma ili uchafu uondoke na maji. Nikilalamika naambiwa nihame. Nimwone nani?" – Mpangaji, Bwaise

Pole sana, mama. Hilo tundu wengi wanalijua, hakuna anayelitaja mbele ya wageni. Vyoo vya huko vimeinuliwa juu ya ngazi kwa sababu ukichimba futi chache tu umekutana na maji. Kwa nyuma, chini kabisa, huachwa kipande cha bomba kilichozibwa kwa matambara. Mawingu yakitanda, matambara yanatolewa. Kesho yake watoto wanachezea maji ya mtaro huohuo.

Mwenye nyumba anafanya hivyo kwa hesabu ya pesa. Sehemu kubwa ya Kampala haina bomba la majitaka, watu wanategemea vyoo vya shimo, na gari la kunyonya choo linalipwa kwa kila safari. Tena kwenye vichochoro vyenu gari halipiti. Wapo vijana wenye pampu ya mkono wanaojaza mapipa na kuyapeleka kwenye mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014 na unaopokea uchafu wa vyoo vya shimo. Nao wanalipwa. Mvua ni bure.

Sasa hatua. Usiende peke yako, maana mpangaji mmoja anafukuzwa, wapangaji wa ua mzima hawafukuziki kirahisi. Andikeni barua, mtie sahihi wote, nakala moja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wenu, na nyingine kwa mkaguzi wa afya wa divisheni ya Kawempe, sehemu ya jiji mnamoishi. Ambatisheni picha iliyopigwa siku ya mvua. Sheria ya Afya ya Jamii ipo tangu 1935, na inampa mkaguzi uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba amri ya kuondoa uchafu, asipotii anapelekwa mahakamani. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 nayo inamtaka akodishe mahali panapofaa binadamu kuishi. Na ninyi acheni kutupa pampasi na kaveera, mifuko ya plastiki, shimoni. Zinaziba pampu, na bei inapanda.

Maoni yangu ni kwamba jiji lilipie sehemu ya gharama ya kunyonya vyoo vya mabondeni. Uchafu hauna mipaka. Maji ya Kisenyi na Namuwongo yanashuka na mtaro wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo Shirika la Maji linapovuta maji ya kusafisha na kusambaza mjini. Aliye Kololo, kilimani kwa matajiri, analipia choo cha Namuwongo kwenye bili yake ya maji, hajui tu.

"Naishi Katanga. Mulago naiona kutoka mlangoni kwangu. Kwa nini nikienda na mtoto mwenye homa wananiambia nilipaswa kuanzia kituo cha chini?" – Baba, Katanga

Kwa sababu Mulago ni hospitali ya rufaa ya taifa. Ilianza mwaka 1913 kama mahali padogo pa tiba, jengo jipya likafunguliwa 1962, mwaka wa uhuru, na leo inapokea wagonjwa mahututi wa nchi nzima. Homa ya mtoto ianzie kituo cha afya, ikishindikana apewe barua ya rufaa. Hospitali za Kawempe na Kiruddu zilijengwa ili kuipunguzia Mulago mzigo. Lakini mtoto akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au akipumua kwa shida, pita moja kwa moja, usijali watakachosema.

Ila malalamiko yako ni ya haki. Vituo vya serikali vya ngazi ya chini mjini ni vichache: Kisenyi, Kawaala, Kitebi, Kiswa, Kisugu, Komamboga na vingine vya kuhesabu. Pengo linajazwa na kliniki za watu binafsi, na huko unalipa kabla hujakaa. Mji huu ulijengwa hivyo tangu zamani. Mengo, Nsambya, Rubaga, Mulago, zote ni hospitali za vilimani. Mwaka 1913 Waingereza walimleta Profesa Simpson kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akashauri Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe maeneo yao, kwa kisingizio cha magonjwa. Kilima kikapata mabomba, bonde likabaki na mbu. Tumejitawala zaidi ya miaka sitini na ramani haijabadilika sana.

"Nilijifungua hospitali ya serikali. Niliambiwa ninunue glavu, pamba, wembe, plastiki ya kutandika na dripu. Kisha mkunga akataka 'ya soda'. Si walisema ni bure?" – Mama wa mtoto wa pili

Hongera kwa mtoto. Ndiyo, ni bure. Machi 2001 serikali ilifuta malipo katika hospitali na vituo vyake, isipokuwa wodi za kulipia. Watu wakafurika, bajeti ya vifaa haikuwafuata.

Hapa tenganisha mambo mawili. Kuambiwa "glavu zimeisha" mara nyingi ni kweli, na mkunga asiye na glavu yuko hatarini kuliko wewe, usigombane naye. Kutoa pesa mkononi bila risiti ni jambo jingine, hiyo ni rushwa hata iitwe soda, chai au asante. Dai risiti kwa kila shilingi. Dawa za serikali zina chapa inayosema haziuzwi, kwa hiyo ukiuziwa yenye chapa hiyo, hifadhi pakiti. Kila kituo kina msimamizi wake, na kina kamati ya uongozi yenye wakazi wa eneo ndani yake. Uliza majina yao, ni haki yako kuyajua.

Tena mahakama imeshasema. Mwaka 2011 wanaharakati wa CEHURD, shirika la kutetea haki ya afya, walifungua kesi Mahakama ya Katiba baada ya kina mama wawili kufariki wakijifungua, mmoja Mityana, mwingine Arua. Mwaka uliofuata majaji wakaitupa wakisema ni suala la kisiasa. Mahakama ya Juu ikairudisha Mahakama ya Katiba mwaka 2015, na huko tarehe 19 Agosti 2020 hukumu ikatoka: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki ya kuishi na haki ya afya, ikaamriwa iongeze bajeti. Nawasihi vikundi vya akina mama muitaje hukumu hiyo kwenye vikao vya bajeti vya divisheni. Diwani akisikia tarehe na jina la mahakama, hajibu kama anavyojibu kilio.

Wengine wawili wameuliza kuhusu bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada Machi 2021, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo bima yetu bado ni simu ya kuuza na ndugu wa kupigiwa. Inaniuma kusema, lakini anayetarajia mtoto aanze kuweka vifaa vyake tayari kuanzia mwezi wa saba wa mimba.

"Sisi ni wakimbizi kutoka Kivu, tunaishi Makindye. Kwenye kituo wanaongea Luganda na Kiingereza. Binti yangu wa miaka kumi ndiye ananitafsiria. Je, nina haki ya kutibiwa kama raia?" – Mama Mkongomani

Karibu, mama. Unayo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa huduma za umma kama mwenyeji, na Kampala unatibiwa kituo chochote cha serikali, si lazima urudi kambini. Chukua kitambulisho chako cha ukimbizi, na daftari la matibabu kama unalo.

La binti limenigusa zaidi. Mtoto wa miaka kumi hawezi kutafsiri maumivu ya nyonga ya mama yake. Atapunguza, ataona haya, au utamficha wewe mwenyewe, na daktari ataandika "tumbo". Mtafute mwanamke mzima wa kanisani au wa mtaani, na ukifika sema wazi: "Naomba mtu anayejua Kiswahili." Mara nyingi yupo, awe muuguzi aliyesomea Kenya, askari wa getini au mtu wa maabara. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya 2005, ingawa ukienda dirisha la dawa hutadhani. Jiji lingeanza na jambo dogo tu: kuandika maelezo ya dawa kwa Kiswahili pale Kisenyi, Kisugu na penye Wakongomani wengi.

"Kila mwezi napimwa, kila mwezi naambiwa nina taifodi. Nimemeza sipro hadi nimechoka. Tatizo ni nini?" – Dereva wa boda, Ntinda

Kaka, huenda tatizo ni kipimo. Kliniki nyingi za mitaani zinatumia Widal, ambacho kinatafuta kumbukumbu ya mwili kuhusu wadudu hao. Uliyewahi kuugua zamani unaweza kuonekana mgonjwa leo, na hata ugonjwa mwingine unaweza kukidanganya kipimo. Unatibiwa taifodi usiyo nayo, malaria au kitu kingine kinaendelea, na wadudu wanazoea dawa. Homa ikishika, pima malaria kwanza. Ikipita siku tatu, nenda hospitali inayoweza kuotesha wadudu wa damu maabara. Ni ghali kidogo na majibu yanachukua siku kadhaa, lakini ndicho kipimo cha kuaminika.

Si kwamba taifodi haipo. Mwanzoni mwa 2015 ililipuka katikati ya Kampala, watu maelfu wakaugua. Wachunguzi walipofuatilia walikuta wagonjwa wengi ni watu wa kazi za mjini kama wewe, waliokunywa maji ya kaveera na juisi za kienyeji za barabarani, zile za pasheni na parachichi. Juisi haichemshwi, na maji yake huenda yametoka kisimani chini ya vyoo. Beba chupa yako ya maji yaliyochemshwa kwenye boda. Naelewa jua la saa nane na kaveera baridi la bei ya chini, nami sikulaumu. Wa kulaumiwa ni mji ambao maji salama yanapatikana kwa mwenye pesa ya chupa.

"Je, moshi wa mjini unaua kweli?" – Msomaji, Ntinda

Unaua polepole, kwa moyo, mapafu na kiharusi. Watafiti wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere wamefunga vipimo vya hewa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, na Kampala huzidi mara nyingi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni wastani wa mwaka wa maikrogramu 5 za vumbi laini kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Tuache kuchoma taka uani.

"Mbale tulipewa hadhi ya jiji Julai 2020. Tudai nini kwanza?" – Mwalimu, Mbale

Mwalimu, msidai taa za barabarani kwanza. Daini jaa la taka. Kampala ilikuwa ikimwaga taka Kiteezi, tena huko Wakiso kwa jirani, tangu 1996. Jaa likajaa, kila mtu akajua, likaendelea kupokea malori mpaka tarehe 10 Agosti 2024 lilipoporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya thelathini. Wakuu wa jiji wakafutwa kazi. Ninyi bado mna ardhi, itengeni leo kabla haijauzwa viwanja.

Kisha kingo za mito. Nabuyonga na Namatala zilipofurika mwishoni mwa Julai 2022 mliona wenyewe nani alichukuliwa. Ni wale waliojenga kingoni kwa kukosa pengine pa bei yao, kwa hiyo kuwahamisha bila kuwapa mahali ni kuhamisha msiba tu.

La tatu ni vituo vya ngazi ya chini, viimarishwe vitibu watu, ili hospitali yenu ya rufaa ibaki ya rufaa. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola aliyegunduliwa Januari 2025 alipita Mbale kabla ya kufia Mulago. Muuguzi wa kituo kidogo mwenye glavu, maji na muda wa kuuliza "umetoka wapi?" ndiye kinga ya kwanza ya jiji.

Wazee husema Mbale ilikuwa mji msafi kuliko yote Afrika Mashariki. Waulizeni nani alikuwa anafagia, na alilipwa na nani.

"Nina presha. Kila mwezi nashinda foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, siku hiyo sijauza kitu. Mwezi uliopita sikwenda." – Mchuuzi, Owino

Rudi, dada yangu, hata kama unajisikia mzima. Presha haipigi hodi.

Uganda imeshaonyesha njia kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Walio imara wanapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na wengine wanazichukulia kwenye vikundi karibu na nyumbani. Wa presha na sukari wanastahili hivyohivyo. Ukienda safari hii mwambie daktari maneno haya: "Presha yangu ikiwa imetulia, naomba dawa za miezi mitatu." Akisema stoo haitoshi, muulize ni siku gani dawa huingia, uende wiki hiyo. Na ninyi wa sokoni mko maelfu. Uongozi wenu wa soko uombe divisheni ilete muuguzi na mashine ya presha Owino siku moja kwa wiki, jioni, mkianza kufunga vibanda.