Uliza Fundi: Miguu Inakufa Ganzi Ndani ya Kiti cha Maficho

SWALI: Asalaam aleikum mzee wangu. Mimi ni kijana wa Micheweni, napiga picha za ndege wa pwani. Mwezi uliopita nilinunua mkononi kwa mtu kiti cha maficho, kile cha kukunja chenye hema lake la kujifunika na dirisha la kutolea lenzi. Nilidhani nimepona. Lakini nusu saa haifiki miguu imeshakufa ganzi, kiti kinazama topeni, na ndani mna joto la tanuu. Nikijinyoosha kidogo tu hema linatikisika, ndege wote juu. Nikiuze?
Msomaji, Micheweni

JAWABU: Waaleikumu salaam mwanangu. Usikiuze. Kiti changu alikiacha mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka Wete, na siku za mwanzo nilikichukia kama unavyokichukia wewe. Sasa nakwenda mwaka wa sita nacho, na kilichobaki cha asili yake ni mabomba na kitambaa cha juu. Kazi yangu ni makochi. Picha ni mapenzi. Basi nilikitazama kama ninavyolitazama kochi lililoletwa kutengenezwa, nikajiuliza: kinamuumiza mtu wapi?

Anza na pale unapokalia. Hema utalishughulikia baadaye, kwani mtu aliyekaa vizuri hatikisiki, na hema lake halitikisiki.

Inama ulitazame lile bomba la mbele, linalopita chini ya mapaja yako. Kiti kikiwa kipya, kitambaa kimekaza na kiko sawa na bomba. Kikishakaliwa miezi michache kinalegea, makalio yanashuka, magoti yanapanda, na uzito wa mapaja yote mawili unalala juu ya chuma kile chembamba. Hapo ndipo mishipa ya damu na ya fahamu inapobanwa, na ganzi inaanzia hapo kabla haijafika unyayoni. Wengi wanakimbilia kutandika sponji juu. Haisaidii, maana sponji inazama pamoja na kitambaa, na bomba linabaki pale pale.

Dawa yake iko majumbani mwetu siku zote: kiwambe kiti kama unavyowamba kitanda cha kamba. Chini ya kitambaa cha kukalia, pitisha kamba kutoka bomba la kushoto kwenda la kulia, mizunguko 9 au 10, kisha zisuke za kupita kutoka mbele kwenda nyuma, moja juu moja chini. Usumba unafaa, mkonge pia unafaa. Nailoni nimeijaribu, inavutika na kuteleza, nikarudi nilipokuwa. Hata usumba utavutika mwanzo, kwa hivyo ukalie siku mbili nyumbani halafu ukaze tena, vile vile kama kitanda kipya. Na uwe unakikunja kiti kila ukishapitisha mizunguko michache, uone kamba hazizuii kukunjika. Mimi nilisahau hilo, nikafumua kazi ya jioni nzima.

Baada ya hapo chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, upasue kwa urefu, uuvishe bomba la mbele. Juu yake zungushia sponji yenye unene wa kidole, kisha shonea kitambaa kigumu kuifunika. Ukimaliza kaa, halafu pitisha kiganja chako kati ya paja na bomba, karibu na goti. Kikipita bila kubanwa, umefanikiwa. Kikibanwa, kaza kamba zaidi au weka kibao chini ya nyayo zako. Nyayo zote mbili zikae chini zimetulia, kisigino na vidole. Najua wapiga picha wanapenda kukaa chini sana ili lenzi iwe sawa na jicho la ndege, na picha ya hivyo kweli inapendeza. Lakini mtu wa umri wangu akikunja magoti saa mbili hanyanyuki. Wewe kijana shuka kadiri unavyoweza kukaa bila kuhangaika.

Mgongoni shona mto mdogo, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, uufunge usawa wa mkanda wa suruali. Ujaze sufi. Sufi hainywi maji kwa urahisi, ndiyo maana zamani ilishindiliwa ndani ya majaketi ya kuokolea maisha baharini. Sponji ikirowa na maji ya chumvi hubaki na unyevu siku nzima, na usiku itakunukia.

Tope nalo. Mara ya kwanza nilikata vibao vinne vya plaiwudi, kila mguu wa kiti na chake. Nikajiona nimemaliza kazi. Siku hiyo nilikuwa kando ya mikoko, sululu watatu wanakuja taratibu huku wakidonoa, nami nimeshika pumzi. Kibao cha nyuma cha kushoto kikashuka peke yake, kiti kikalala ubavu, mimi na lenzi topeni. Lenzi ile haikupona, na mpaka leo ikinijia huwa naumia. Vibao vinne havishirikiani. Palipo laini panazama, pagumu panabaki juu. Tumia mbao mbili ndefu badala yake, kila moja ishike mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wake, upana sentimita 12 hivi. Mahali pa kuingia mguu wa kiti gundisha kipande cha kandambili ulichokitoboa tundu, mguu uingie kwa kukaza usigongane na ubao. Toboa na matundu machache katika mbao zenyewe. Ubao mzima ukishalala topeni unanyonywa, na ukiuvuta moja kwa moja juu utavunja mgongo wako au mguu wa kiti. Wenye matundu unaingiza hewa. Unyanyue kwanza ncha moja, nyingine itafuata.

Sasa joto. Hivi viti vingi vimefikiriwa kwa nchi za baridi, ambako mtu anashukuru kufunikwa pande zote. Sisi tumekulia mabondeni. Utotoni nimekaa sana kwenye dungu kuwafukuza ndege wasile mpunga, na sikumbuki siku niliyoona joto mle: makuti juu, pande wazi, upepo unapita. Fanya hivyo hivyo. Kata kitambaa cha mgongoni cha hema, ushone chandarua cheusi au cha kijani kilichokoza. Angalia jambo moja hapa, nalo ni muhimu. Mbele kukiwa na tundu na nyuma kukiwa na chandarua tupu, mwanga unapita na ndege anakuona kivuli chako kama kwenye pazia. Basi ning'iniza kipande cha kaniki nyuma ya mgongo wako, ndani ya hema, kiachie nafasi ya shubiri moja juu na moja chini. Mwanga unazuiwa, upepo unapita. Wewe mwenyewe vaa shati la rangi iliyokoza.

Na usikae muda usio na faida. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yetu hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4. Kati ya kujaa na kupwa panaweza kufika mita 4. Maji yakiwa mbali, ndege wametawanyika kwenye tambarare yote na utamaliza siku ukiwatazama kama nukta. Ingia ndani ya kiti saa moja na nusu kabla maji hayajajaa, juu ya alama ya maji ya jana, uwaache bahari iwasogeze kwako. Ukichagua pwani inayotazama mashariki, jua la jioni litakuwa mgongoni mwako. Wale ndege wageni wa kaskazini wanakuwapo kwa wingi tangu Septemba hadi Aprili, basi kiti kiwe tayari kabla ya hapo.

Nina neno moja zaidi kwako, mwanangu, na usilichukulie kuwa dogo. Pwani ile ina wenyewe. Kina mama wanashuka kuchokoa pweza na chaza, wengine wana mashamba yao ya mwani, na wamejifunga khanga kwa namna ya kazi, si ya kutazamwa. Mwanamme aliyejifunika kitambaa na bomba la lenzi limetokeza ni jambo la kuogofya, na ni aibu. Kabla ya siku ya kwanza nenda kwa sheha, umwoneshe kiti chenyewe na picha zako. Kisha waendee kina mama uwasalimu, uwaambie utakaa wapi na saa ngapi. Mimi walinielekeza wao mahali ndege wanapolala maji yakijaa, mahali ambapo nisingepajua kwa miaka kumi.

SWALI: Bwana Fundi, shikamoo. Mimi natembeza wageni upande wa Chwaka, Unguja, na nina kiti kama hicho unachokieleza mara kwa mara. Changu hakizami, lakini nikifungua zipu ya dirisha ndege wanainua vichwa. Halafu hema linaniangukia kichwani likaburura mtandio, na mikono yote miwili imeshika kamera. Tena kukibeba kutoka kituo cha daladala kunanichosha.
Msomaji, Chwaka

JAWABU: Marahaba dada yangu. Zipu unaweza kuituliza kwa kuisugua meno yake na kipande cha mshumaa, huku na huku, uifungue na kuifunga mara ishirini hivi. Itapunguza sauti, na chumvi haitaikamata haraka. Lakini mimi ya kwangu niliing'oa. Nilishona vitambaa viwili vinavyolaliana upana wa kiganja, na katika upindo wa chini nikashonea chubwi ndogo za mshipi wa kuvulia, moja kila baada ya sentimita 10. Uzito wake unakivuta kitambaa kijifunge chenyewe. Unasukuma kwa mkono, kimya kabisa. Usikubali fundi akutilie velkro: mlio wake wa kuchanika ni mbaya kuliko zipu.

Pale lenzi inapotokea shona mkono wa shati la zamani, upande wa begani kwenye hema na upande wa kifundo ukumbatie lenzi, utie na lastiki isiyobana. Hapo unageuza lenzi huku na kule na hema halijui.

Hema kuanguka ni kwa sababu lile bomba la juu linashikiliwa na msuguano wa bolti tu, na bolti ikilegea hakuna kinacholizuia. Kaza nati, tia na washa ya mpira. Kisha funga kamba nyembamba kutoka katikati ya bomba la juu hadi nyuma ya kiti, na uifunge fundo mahali ambapo hema linasimama vidole vinne juu ya kichwa chako, pamoja na mtandio wako. Tia fundo la pili kwa siku anayokaa mgeni mrefu. Tangu nitie kamba hiyo sijalishika hema kwa mkono, na kamera ndiyo inayopata mikono yote.

Kuhusu mikono kuchoka, usiibebe kamera wakati wote. Shona mfuko mfano wa kimto, uuache mtupu nyumbani, ukifika uujaze mchanga na kuulaza mapajani au juu ya kibao kilichopita mikononi mwa kiti. Lenzi inalala juu yake imetulia. Mchanga uutie kwanza ndani ya mfuko wa nailoni mzito, ufunge, ndipo uingie ndani ya kimto. Punje moja ikiingia kwenye pete ya lenzi utaisikia kila unapoizungusha. Ukirudi unaumwaga na unabeba kitambaa tu.

Kukibeba, ondoa ule mkanda mmoja wa begani. Shona miwili mipana kama ya mkoba wa skuli, uweke sponji mabegani, na kiti kilale wima mgongoni. Changu nilikipima kwenye mizani ya duka la mchele, kilo 6 pamoja na mbao zake za topeni. Kwa mkanda mmoja nilikuwa nafika bega moja limeshuka. Kwa miwili natembea mkono mtupu, na kondakta hanilipishi nafasi ya mzigo kwa sababu kinasimama kati ya magoti yangu.

SWALI: Nakwenda Kidike kuwapiga picha popo wa Pemba. Nichukue kiti cha maficho?
Msomaji, Chake Chake

JAWABU: Chukua kiti, liache hema. Popo wale, ambao hawapatikani kwingine duniani isipokuwa Pemba, wanalala mchana juu mitini, na wanakuona vizuri ukiwa na hema au bila hema. Shida yako itakuwa shingo. Legeza mgongo wa kiti ulale nyuma, na ukunje khanga iwe nene kama mkono, uifunge pale kisogo kinapofika. Kaa mbali na shina, usipige makofi wala kurusha kitu ili waruke. Waliolala wakirushwa mchana wanachoka bure, na wenye wana wanabeba mzigo zaidi. Subiri jioni waondoke wenyewe kwenda kula. Na tia kitambaa juu ya kamera unapokuwa chini yao, maana wamekula matunda usiku kucha.