Hedifoni mpya, sauti ngeni: niirudishe dukani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nahariri vipindi vya redio hapa Tanga. Hedifoni yangu ya Sony MDR-7506, niliyoitumia miaka mingi, imekufa upande wa kushoto, nikanunua Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80. Nikiivaa, besi inavuma, mtangazaji anasikika kama amesogea nyuma, na kila "s" inanichoma masikio. Tena lazima nipandishe voliumu sana kwenye laptopu. Duka wamenipa siku 14 za kurudisha. Niirudishe, au niiache ipige muziki usiku kucha hadi ilegee?

JIBU: Ndugu msomaji, usiirudishe bado, na habari ya kuipigisha muziki usiku kucha iache. Ulivyoeleza ndivyo DT 770 inavyolia ikiwa nzima. Besi yake imenyanyuliwa, sauti za kati zimerudi nyuma kidogo, kisha kuna mlima mkali kwenye kilohezi 8 hadi 9, karibu na pale "s" inapolia. MDR-7506 huisukuma sauti ya mtu mbele, kwa hiyo ukihama kutoka hiyo kwenda hii, ni lazima mtangazaji aonekane amerudi nyuma. Voliumu nayo ina sababu yake: Sony hutoa desibeli 106 kwa miliwati 1, Beyerdynamic hutoa 96. Ukiziunganisha kwenye laptopu ileile, pengo ni desibeli 10 hivi, na sikio huliona pengo hilo kama sauti kupungua nusu.

Tena angalia mito ya masikio ya ile ya zamani. Ngozi bandia ya MDR-7506 huchubuka na sponji hubonyea kadiri miaka inavyopita. Mto ukishabonyea, hewa huvuja pembeni ya sikio, besi hupungua, na spika husogea karibu na sikio. Kama mito yako ilifikia hali hiyo, basi sauti unayoikumbuka kuwa ndiyo sahihi ilikuwa tayari imepungua besi.

Hapa ndipo nakuomba uwe mwangalifu, maana hasara haitakuwa kwenye masikio yako bali kwa msikilizaji. Ukihariri wiki hii kwa kufuata unachosikia, utakata besi ya mtangazaji na kukaza programu ya kupunguza "s". Kwenye redio ndogo ya msikilizaji, sauti hiyo itatoka nyembamba na mtangazaji ataonekana ana kithembe. Kwa hiyo kwa sasa tumia mipangilio yako ya zamani kama ilivyo, na usiguse besi wala "s" kwa sababu ya hedifoni pekee.

Leo hii fanya ukaguzi mfupi. Sukuma plagi ya milimita 3.5 mpaka mwisho. Ikiingia nusu, waya wa ardhi hukosa kugusa na sauti ya katikati hupotea, ukabaki na muziki wenye mwangwi bila mwimbaji. Hakikisha kulia kuko kulia. Kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja huku ukisikiliza. Besi ikiruka juu ghafla, kuna mwanya: mkono wa miwani, misuko au kitambaa kimeingia kati ya mto na ngozi. Sogeza hadi kubonyeza kusilete tofauti.

Baada ya hapo sawazisha voliumu. Upande wa kulia wa Sony bado ni mzima, na huo unatosha. Chukua sekunde 15 za sauti ya mtangazaji mmoja, zizungushe, usikilize kwa sikio la kulia tu, ukibadilishana hedifoni mpaka maneno yawe na nguvu sawa. Andika namba ya voliumu ya kila moja. Usiiruke hatua hii, kwa sababu desibeli 1 ya ziada inatosha kuifanya hedifoni moja ionekane bora kuliko nyingine. Namba ya laptopu kupanda isikutishe; kinachoumiza sikio ni sauti inayolifikia, na Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kama laptopu imefika mwisho na bado sauti haitoshi, unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la hedifoni.

Sasa lizoeshe sikio. Kwa wiki moja hadi mbili vaa hii mpya peke yake, na kila asubuhi kabla ya kazi sikiliza dakika 10 za vipindi vyako vilivyokwisha kurushwa na kusikika vizuri. Ubongo ukishajua kipindi kizuri kinasikikaje ndani ya DT 770, utahariri kwa kulinganisha na hicho. Mito italainika kidogo na kubana vizuri zaidi, lakini sehemu kubwa ya badiliko hutokea kichwani mwako, ndiyo maana kuipigisha muziki ikiwa mezani hakusaidii.

Baada ya hapo, "s" ikiwa bado inachoma, tumia ekolaiza, yaani programu ya kupunguza au kuongeza sehemu moja ya sauti. Equalizer APO ya Windows ni ya bure. Piga toni inayopanda polepole kutoka kilohezi 5 hadi 10, utambue inapokuchoma. Mahali hapo huhama kidogo kwa kila mtu kwa sababu ya umbo la sikio. Punguza hapo desibeli 3 au 4 kwa Q (upana wa mkato) ya 3, na ukitaka punguza besi desibeli 2 chini ya hezi 100. Kata tu, usiongeze. Na ekolaiza hiyo isiwekwe kamwe kwenye masta ya mradi (njia ya mwisho ya sauti yote), kwani itaingia ndani ya faili na kwenda hewani.

Mambo ya kukurudisha dukani ndani ya siku 14 ni haya: kwenye rekodi ya mono (sauti ileile pande zote mbili) sauti inavutwa upande mmoja, na ukigeuza hedifoni inahamia upande wa pili, au toni ya hezi 30 hadi 100 inatoa mkwaruzo. Kabla ya kulalamikia mkwaruzo, vua mto uangalie kama kuna unywele umegusa utando wa spika. Utoe kwa kibano taratibu, kisha jaribu tena.