Ufuo Wetu Unatosha Wageni Wangapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu utalii

SWALI: Mhariri, sisi ni kikundi cha wavuvi na waendesha boti hapa Dunga, Kisumu. Tunakusudia kujenga njia ya mbao ipite kwenye mafunjo ili wageni waone ndege. Tumesikia huko Asia kuna fuo zilizofungwa kwa sababu wageni walizidi. Tutajuaje kiasi chetu kabla hatujaharibu?
*Msomaji, Dunga*

JIBU: Pigeni hesabu kabla ya kununua ubao wa kwanza. Boracay, kisiwa kidogo cha Ufilipino, kilichelewa. Hoteli ziliongezeka, majitaka yakaingia baharini, na tarehe 26 Aprili 2018 serikali ikakifunga kwa miezi sita. Kilipofunguliwa kikawekewa kikomo: watalii 19,215 kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mgeni hukaa wastani wa siku tatu, wanaoruhusiwa kuwasili kwa siku ni 6,405. Gawanyeni muone.

Kwenu mgeni hakai siku tatu, kwa hiyo hesabu yenu iwe ya saa. Tumieni njia ya kukadiria mahali panatosha wageni wangapi, aliyoieleza Miguel Cifuentes mwaka 1992, ambayo watafiti wengi huitumia hadi leo. Tuseme njia yenu ina urefu wa mita 200. Kikundi cha watu 10, kila mmoja akichukua mita moja, kinashika mita 10; acheni mita 40 hadi kikundi kinachofuata ili kelele za kikundi kimoja zisiwafukuzie wengine ndege. Hivyo vikundi vinne vinaenea, yaani watu 40. Mkifungua saa 10 kwa siku na ziara ikichukua saa moja, mnapata wageni 400 kwa siku.

Hiyo ni namba ya karatasi tu, na ndipo wengi wanapokosea: wanaiandika kwenye ombi la ufadhili na kuiacha hapo. Anzeni kuipunguza. Kama mvua ya alasiri hula saa mbili kati ya kumi, zidisheni kwa 0.8, zimebaki 320. Vikundi vinne vinahitaji waongozaji wanne kwa wakati mmoja. Mkiwa nao wawili, nusu imeondoka, zimebaki 160. Kisha tazameni vyoo, na shimo hutapishwa mara ngapi. Choo kikitosheleza watu 90, kikomo chenu ni 90, hata mbao ziwe imara namna gani.

Msitumie wastani wa mwezi. Gugumaji likiziba ufuo, boti hazitoki, na wageni wote wa siku hiyo humiminika kwenye njia ya mbao. Hesabuni siku kama hiyo, pamoja na Jumapili na sikukuu.

Namba pekee haitoshi. Ghuba ya Maya, Thailand, iliwahi kupokea hadi watu 5,000 kwa siku, na boti zilivunja matumbawe kwa nanga. Ilifungwa Juni 2018 hadi Januari 2022. Ilipofunguliwa, boti zilikatazwa kuingia ghubani. Hutia gati upande wa nyuma ya kisiwa, na wageni huingia kwa miguu. Ghuba hufungwa tena kila Agosti na Septemba ipumzike. Nanyi gati liwe mbali na mafunjo, na ndege wakianza kujenga viota fungeni kipande hicho cha njia. Baadhi ya ndege hao hawana makao mengine ila mafunjo. Mkiyafyeka kupanua njia, mmefukuza kile ambacho mgeni alikuja kukiona.

Mwisho, lango liwe moja na kitabu cha risiti kiwe kimoja. Boracay yenyewe ilivuka kikomo chake wakati wa Pasaka ya 2022.

SWALI: Ninaandika tasnifu kuhusu utalii endelevu nikifuata utafiti uliofanywa Thailand. Dodoso langu linauliza wageni kama wameridhika. Msimamizi amelikataa. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi, Maseno*

JIBU: Msimamizi yuko sahihi. Wageni walizidi kumiminika Ghuba ya Maya huku matumbawe yakivunjika, kwa hiyo kuridhika kwao hakupimi uendelevu. Ongeza vipimo viwili: hali ya mahali penyewe (maji, taka, uoto) na mapato ya wenyeji.

Kuhusu sampuli, kanuni ya Yamane, inayokokotoa watu wa kuhojiwa, hutaka idadi kamili ya wageni wote: wakiwa 400, kwa kosa la asilimia 5 hutoa 200. Lakini wageni hawana orodha, basi simama penye njia ya kutokea umhoji kila mtu wa tano, siku za kazi na wikendi. Ukichagua wanaotabasamu, umeharibu kazi. Usiunganishe mambo mawili katika swali moja, kama “Je, mahali ni safi na salama?” Tafsiri ya Kijaluo irudishwe kwa Kiswahili na mtu mwingine ambaye hajaona dodoso la kwanza. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kitangulie, na ukienda Kisiwa cha Ndere, ambacho ni hifadhi, omba pia ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori.

SWALI: Tuko nyumba nane karibu na msitu wa Kakamega, tunalaza wageni. Kila mgeni anapelekwa nyumba ileile na tumeanza kugombana.
*Mama wa Shinyalu*

JIBU: Mama, wekeni zamu. Sirubari, kijiji cha Nepal kilichoanza kulaza wageni mwaka 1997, mgeni hachagui nyumba, kamati humpangia. Nanyi andikeni daftari moja, bei moja. Malipo yaingie kwenye akaunti ya kikundi, si mfuko wa mwenye nyumba, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Nyumba isiyo na chandarua, choo safi na maji yaliyochemshwa irukwe hadi irekebishe. Mgeni akisisitiza kurudi alikolala zamani, mkubalieni, ila nyumba hiyo ihesabiwe imekula zamu yake.