Jibu: Nyumba ya Birmingham imepata F, naweza kupangisha?

Mkuu salama, nimekusoma: upo Mwanza, braza kakuachia nyumba ya Birmingham uisimamie, cheti cha nishati (kinapima nyumba inavyotumia nishati, A ndo bora, G mbovu kabisa) kimesoma F na dalali wa kule kagoma kuitafutia mpangaji. Dalali yuko sahihi bana. England na Wales daraja la mwisho kuruhusiwa kupangisha ni E, tangu Aprili 2018 kwa mikataba mipya, 2020 hadi ile ya zamani, na faini inaweza kufika pauni 5,000.

Mi nilisimamia ya shemeji nikiwa hapa hapa Nyegezi, yote kwa WhatsApp. Anza na tarehe ya cheti, kinadumu miaka 10 kwa hiyo huenda kuna kazi ilishafanyika baadae na cheti hakijui. Halafu darini, achana na kuta kwanza. Tuma mtu apime unene wa ile sufi ya kuzuia joto lisitoke kwa rula, inashauriwa milimita 270, nyumba za zamani nyingi unakuta kiduchu, na hapo ndo pa bei nafuu (sie huku bati linatuoka, wenzetu joto lenyewe linawakimbia kupitia paa). Picha na risiti tunza zote umuoneshe mkaguzi, asipoona ushahidi anakadiria kwa umri wa nyumba, utaumia.

Kuta zikigoma usiuze ng'ombe, ukomo wa gharama ni pauni 3,500 na VAT ndani yake, ukifika hapo bado haijapata E unasajili msamaha wa miaka 5.

Tupia hapa ule ukurasa wa mapendekezo kwenye cheti tuuangalie.