Barua kwa mwanangu: Ida B. Wells aliaminiwaje?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mhariri wako amekwambia mwandishi mwenye upande haaminiki. Ulipomtajia Ida B. Wells, mwandishi mweusi wa Marekani aliyechunguza mauaji ya watu weusi mikononi mwa umati, akakujibu kwamba yule alikuwa mwanaharakati tu. Sasa unaniuliza: ikiwa kila mtu alijua yuko upande gani, mbona kazi yake imesimama mpaka leo?

Imesimama kwa sababu hakumwomba mtu amwamini. Mashahidi wake aliwachukua upande wa pili. Ila jibu fupi namna hiyo halikufai kazini, basi vumilia nikuandikie refu.

Utoto wake naupitia haraka, unajulikana: amezaliwa utumwani Holly Springs, Mississippi, Julai 1862, akiwa na miaka 16 homa ya manjano ikawachukua wazazi wake wote wawili, akasomesha shule ili awalee wadogo zake. Alipohamia Memphis, Tennessee, akaanza kuandika magazetini kwa jina la Iola, na mwaka 1889 akanunua theluthi ya gazeti la Free Speech. Mwaka 1891 alichapisha makala kuhusu ubovu wa shule za watoto weusi, na kazi ya ualimu ikaishia hapo. Ikabidi gazeti limlishe. Akawa anasafiri kwa treni kuandikisha wasomaji, na gazeti likachapwa kwenye karatasi ya waridi, ili asiyejua kusoma alitambue kwa rangi na mchuuzi asimpachike jingine. Wanaomsifu kwa ushujaa huiruka sehemu hii, nami naona ni nusu ya habari. Gazeti lisilo na wanunuzi halisemi kitu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Machi 1892, Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart walitolewa jela ya Memphis na umati wa Wazungu wakapigwa risasi. Moss alikuwa mpeleka barua wa posta na rafiki mkubwa wa Ida. Yeye na wenzake walikuwa na duka, People's Grocery, lililomnyang'anya wateja mwenye duka mmoja Mzungu. Mpaka siku ile Ida mwenyewe, kwa kukiri kwake, alikuwa ameumeza usemi wa wakati ule: kwamba umati huvunja sheria, ni kweli, lakini anayeuawa ni mbakaji. Moss hakutuhumiwa kubaka. Basi kama hawa watatu sio, wengine ni wangapi sio?

Sasa tazama alivyolishika swali lile. Chicago Tribune, gazeti la Wazungu, tangu mwaka 1882 lilikuwa likitoa kila mwaka orodha ya watu waliouawa na umati, pamoja na walichodaiwa kufanya. Ida hakutunga orodha yake, maana angeambiwa ameipika. Alichukua ile ile yao akaipanga kwa mashtaka. Katika kijarida chake cha 1895, A Red Record, hesabu ya mwaka 1892 ni watu 241, weusi 160. Kati ya hao 160, waliodaiwa mauaji ni 58, ubakaji 46, jaribio la kubaka 11. Waliobaki ni uchomaji moto 6, unyang'anyi 6, “chuki ya rangi” 6, kuwavunjia wanawake heshima 2, kujihami 1, wanne hawakutajiwa sababu yoyote, na kadhalika. Chukua 46 na 11 pamoja: 57 katika 160, zaidi kidogo tu ya theluthi. Hoja kwamba umati unaua ili kulinda wanawake ikaangushwa na karatasi za wenyewe.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza, na wewe jihadhari. Ukiandika “wabakaji 46” umeshakosea. Hao ni watu 46 waliotuhumiwa, na tuhuma yenyewe mara nyingi imetoka midomoni mwa wauaji au jamaa zao, haikupimwa na hakimu. Ida hakulichezea neno “shtaka”. Kasoro ya pili imo ndani ya chanzo: orodha ya magazeti hunasa tu kilichofika magazetini. Aliyeuawa kichakani bila mwandishi kusikia hayumo, kwa hiyo ile namba ni ya chini, wala usiiite idadi kamili. Ya tatu ni majina. Huyo Will Stewart niliyemtaja utamkuta pengine ameandikwa Henry. Usipolinganisha tarehe na mahali, utamhesabu mtu mmoja mara mbili.

Karatasi peke yake hazikumtosha. Taarifa ya shirika la habari ilidai kwamba huko Tunica, Mississippi, mtu ameuawa kwa kumbaka binti wa sherifu mwenye miaka saba. Alikwenda mwenyewe, akamkuta binti ni mwanamke mzima aliyepita miaka 17, na baba yake ndiye aliyemkuta kwa yule mwanamume. Palipokuwa hatari kwake kufika, alitafuta miguu mingine. Mwaka 1899, baada ya Sam Hose, mfanyakazi mweusi, kuchomwa moto na umati huko Georgia, alishirikiana na watu wa Chicago kumlipa mpelelezi Mzungu, Louis Le Vin, aende akaulize wakazi. Le Vin alirudi na habari ya ugomvi wa ujira na mtu aliyeua akijihami. Ida akaichapa taarifa ile kama ilivyoletwa.

Gharama yake? Tarehe 21 Mei 1892 aliandika tahariri akisema hakuna tena anayeamini ule uongo uliochakaa kuhusu ubakaji. Siku sita baadaye ofisi ya Free Speech ikavunjwavunjwa. Yeye alikuwa safarini kaskazini, na onyo likamfikia asirudi. Mitambo ilikwenda, lakini orodha ya wasomaji ilibaki. Aliipeleka kwenye gazeti la New York Age kwa mhariri wake, T. Thomas Fortune, akapewa robo ya hisa. Mwezi uliofuata makala yake ilijaa ukurasa wa mbele wa gazeti lile. Oktoba, wanawake weusi wa New York na Brooklyn wakamchangia dola 500, na kutokana na fedha hizo kikatoka kijarida cha kwanza, Southern Horrors.

Mwaka 1893 na 1894 alihutubia Uingereza. Magazeti makubwa ya kwao Marekani yalikuwa hayamjali, ila yaliposikia anasikilizwa ng'ambo yakalazimika kujibu. New York Times lilijibu kwa matusi. Mwaka 1895 aliolewa na Ferdinand Barnett, mwanasheria wa Chicago. Wakapata watoto wanne, na mtoto mchanga alisafiri naye mikutanoni.

Kazi yake ninayoipenda kupita zote ni ya uzeeni. Mwaka 1919 wakulima weusi wa Elaine, Arkansas, waliolima pamba kwa kugawana mavuno, waliunda chama wadai hesabu ya haki. Kukatokea mauaji makubwa, na mwishowe waliohukumiwa kifo ni wanaume weusi 12. Ida alikuwa hajakanyaga Kusini mwa Marekani karibu miaka 30. Januari 1920 aliingia jela ya Little Rock pamoja na mama na wake wa wafungwa, akijitambulisha kuwa ni binamu kutoka St. Louis. Wafungwa walikuwa wakiimba na kuomba kuhusu kifo. Yeye akawaambia waache, waombe kuishi. Kisha akawauliza maswali ambayo mwandishi mwingine asingeyafikiria: ulilima ekari ngapi za pamba, ngapi za mahindi, nyumbani uliacha mifugo gani, na mazao yako yamechukuliwa na nani? Ukizijumlisha hasara zile, unaona kilichogombewa ni pamba. Kijarida chake kikatoka mwaka ule ule. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Moore dhidi ya Dempsey, ilisema hukumu inayotolewa kwa shinikizo la umati si hukumu ya haki. Kesi ile ilipiganiwa na wengi, akiwemo wakili mweusi Scipio Jones, kwa hiyo usimpe Ida ushindi wote. Wale 12 hakuna aliyenyongwa.

Mpelekee mhariri wako kile kijarida cha 1895. Ukifika kwenye mashtaka ya 1892, yajumlishe kwa mkono kabla hujageuza ukurasa. Yanatoka 160.

Ni mimi mama yako.